Akili Inapofifia, Tusikimbilie Lawama

Sisi wanawake wa pwani tulioolewa Migori na Homa Bay tumejifunza mengi katika ujirani wetu na Ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9. Migori nayo imo miongoni mwa kaunti zilizoguswa zaidi.

Shemeji yetu, mchuuzi wa samaki, alianza kusahau bei, kisha akawa akikosea hesabu ya rakaa. Mkono ukawa mzito, kikombe kikimponyoka. Wengine walinong'ona kuwa ana majini, wengine wakamwita mvivu. Dada yetu alistahimili kimya. Tukashauriana, tukampeleka hospitali.

Huko tulielezwa kwamba virusi huingia ubongoni mapema, vikiwa vimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Chembe zinazoulinda ubongo hupiga mbiu ya hatari kwa kutoa kemikali ziitwazo saitokini. Mbiu hiyo isipokoma, hugeuka sumu kwa seli za neva, ingawa virusi vyenyewe kwa kawaida haviziingii. Watafiti huzipima kemikali hizo katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo.

Kutolewa maji hayo kulitutisha, kwa kuwa mitaani husemwa kwamba humpooza mtu. Kumbe sindano hupita chini ya pale uti unapoishia, na daktari hutaka kujua kama kuna maradhi mengine, mfano kifua kikuu cha ubongo.

Dalili hizi hupimika hata pasipo mashine. Kipimo kilichojaribiwa Kampala na Marekani, kikatangazwa mwaka 2005, humtaka mgonjwa akumbuke maneno manne, agonganishe vidole upesi, na abadilishe mikao ya mkono kwa mpangilio.

Shemeji alianzishiwa dawa za kupunguza makali ya virusi. Baada ya miezi kadhaa alirudi kuhesabu fedha zake, japo polepole. Si kila mgonjwa hurejea alivyokuwa, na kuchelewa humpotezea mengi.

Basi, dada zetu, mumeo, mama au kaka akibadilika akili, usimwache kwa minong'ono. Mpeleke apimwe, na akianza dawa asiziache. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, muulizeni daktari namna ya kuzipanga kwa futari au daku. Dua tuiombe, na tiba tuitafute.