Gasketi Moja

Ukiuliza namna ya kuipa nguvu injini ndogo ya ndege ya mfano, karibu kila mtu atakujibu: ongeza nitro. Naitromethani hubeba oksijeni yake yenyewe, kwa hivyo silinda inachoma mafuta mengi zaidi kwa pumzi ileile. Jibu ni sahihi. Shida ni kwamba nitro ni bei, kuipata ni kazi, na mimi naishi Nairobi.

Injini ninayozungumzia ni Cox Babe Bee ya mjomba wangu. Ujazo wake ni inchi za ujazo 0.049, kama sentimita za ujazo 0.8 hivi. Inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Haina plagi ya cheche. Juu ya silinda kuna waya wa platini unaoupasha moto kwa betri ya volti 1.5, injini ikishika unatoa betri, na methanoli yenyewe inauweka waya ukiwa mwekundu.

Mombasa, mjomba alipokuwa kijana, ilikuwa inalia kama nyigu. Huku ikawa inakohoa tu. Mjomba, ambaye masikio yameanza kumwacha, akasema imezeeka kama yeye, basi iachwe.

Mimi sikuona uzee. Pistoni ilikuwa bado inabana. Ukizungusha propela kwa kidole unahisi inavyogoma. Kilichobadilika ni hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Sindano ya mafuta ikibaki palepale, mafuta yanaizidi hewa, na ndicho hicho kikohozi.

Nikafunga sindano robo mzunguko. Ikachangamka, lakini bado.

Hatua ya pili ndiyo iliyozua ubishi. Chini ya kichwa cha silinda kulikuwa na gasketi 2 za shaba, nyembamba kama karatasi. Ukitoa moja, nafasi iliyo juu ya pistoni inapungua na mgandamizo unapanda. Hewa nyepesi na mafuta yenye nitro kidogo vinavumilia mgandamizo huo. Ukizidisha, mafuta yanawaka kabla ya wakati na waya unakatika. Kwenye Cox, waya na kichwa ni kitu kimoja. Ukikatika, umetupa kichwa kizima.

"Usiguse hiyo, we," mjomba akasema. "Ukiiharibu utanunua wapi?"

Nikamwambia sikati kitu, mjomba, natoa tu. Silinda ukiitia tupa, ndiyo basi. Gasketi unaweza kuirudisha. Akanyamaza, kisha akanipa spana yake.

Tukafunga injini kwenye ubao na kupima mvuto wake kwa mizani ya ndoano. Kabla: gramu 110. Baada: 130. Mjomba hata hakuangalia mizani. Aliweka kiganja kwenye ubao, akafumba macho. Mimi nishashika spana tena, natamani kutoa ya pili.

"Hapo," akasema. "Usiongeze."

Wiki hii ameanza kuulizia mbao za balsa. Gasketi iliyotoka nimeitia kwenye bahasha na kuandika juu yake "Mombasa". Injini ikishuka pwani, itaihitaji.