Kubatizwa na Ndege

Binamu yangu wa Toronto, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye "shikamoo", aliomba nimtafsirie kwa Kiingereza rekodi ya ubatizo wa Bibi. Wamisionari waliandika vitabu vyao kwa Kilatini, nami nilijiamini na kamusi yangu. Mstari mmoja ukanigomea: *in articulo mortis ab avia baptizata*. Kamusi ilinionyesha *avis*, ndege. Nikaandika kwamba Bibi alibatizwa na ndege, kwenye kiungo cha kifo.

Padri mstaafu, mwalimu wa zamani wa seminari, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mjukuu wangu, hiyo *ab* ni 'na' yetu. Amebatizwa na nani? *Articulus* ni kiungo kweli, ila hapa ni ile saa yenyewe ya kukata roho. Na *avia* si ndege. Ni bibi."

Nilinyamaza. Bibi yake Bibi tunamjua kwa jambo moja: aliishi na tunguri zake, na kanisani hakukanyaga hadi anazikwa.

"Inaruhusiwa," Padri akasema. "Mtoto akiwa anakufa, yeyote aweza kumbatiza, hata asiyebatizwa. Maji, maneno yale, na nia."

Maneno aliyajulia wapi? Kitabu hakisemi.

Kilatini kiliridhika na "bibi" tupu. Kiingereza kikataka "yake". Nikaandika *by her grandmother*, nikatuma. Binamu akajibu usiku uleule: si ndiye yule mganga?