Siku Mbili Kando ya Barabara ya Galibier

Ndugu walimu wenzetu, jarida hili limezoea kupokea kutoka kwetu makala za ngeli na za ufundishaji wa insha. Safari hii tumeomba nafasi ya kusimulia jambo jingine. Ni habari ya mashindano ya baiskeli, na ya neno moja la Kiswahili ambalo tulilitumia tungali vijana, likatungoja miaka ishirini na mitano. Tunaposema "sisi" hatujikwezi; tu wawili hasa. Anayeshika kalamu ni mwalimu wa Kiswahili mjini Bujumbura, mwenye stashahada ya ualimu, na mwenzake ni umbu lake, ambaye ni muuguzi. Yaliyoandikwa hapa yamesomwa na kukubaliwa na sote.

Kaka yetu mkubwa anaishi Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 2003. Mwaka 2024 alitualika tukakae naye majuma matatu. Habari za viza tuzipite. Kila aliyewahi kuiomba anazijua. Tulipofika tulikuta hana nia ya kutukalisha sebuleni. Amekwisha kodi gari kubwa jeupe, ndani yake mna vitanda vinne, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo mfano wa kabati. "Tunakwenda kuwatazama waendesha baiskeli," akasema, wala hakueleza zaidi. Tukaingia wanne: yeye, sisi wawili, na mwanawe wa miaka kumi na mitatu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa hakizidi salamu na majina ya vyakula. Mtoto huyo alituita kwa majina yetu matupu. Siku ya kwanza tulivumilia. Siku ya pili tulimfundisha "baba mdogo" na "shangazi", naye akayapokea vizuri, ila alituuliza kwa nini baba awe mdogo ilhali ana mvi.

Kwa msomaji asiyeyajua, Tour de France ni mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1903. Mwaka 2024 yalianzia Florence, Italia, tarehe 29 Juni, kwa waendeshaji 176 wa timu 22, na siku za kushindana zilikuwa 21. Anayeongoza kwa jumla ya muda huvaa fulana ya njano. Anayeongoza kwa pointi, aghalabu mwenye mbio kali za mwishoni, huvaa ya kijani. Hakuna uwanja wala kiingilio. Barabara ndiyo uwanja, na mwenye gari la kulala huwahi siku mbili kabla, akapata mahali pake, akatandaza viti vyake, akangoja. Tuseme kweli: sehemu kubwa ya kutazama mashindano haya ni kungoja.

Tulipita Luxembourg, tukalala usiku mmoja karibu na Dijon, na kesho yake tukaingia katika bonde la Maurienne. Hapo ndipo milima ya Alpi inapomkabili mgeni kama ukuta. Kila barabara ilipoteremka, kaka aliliweka gari katika gia ya chini, akaushika usukani kwa mikono miwili, akanyamaza. Tulidhani ni uzito wa gari.

Galibier ni mlima ambao mashindano yaliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1911, na barabara yake hufika kimo cha mita 2,642. Mwaka ule waendeshaji wangetoka Pinerolo, Italia, wakaupanda kwa upande wa kusini, kisha wakateremka hadi mji wa Valloire. Watazamaji wengi hupenda upande wa kupanda, kwa kuwa huko mwendo ni mdogo na uso wa mtu unaonekana. Kaka alikataa. Alitupeleka upande wa kaskazini, mahali paitwapo Plan Lachat, chini ya kilele kwa kilomita nane hivi. "Nataka kuwaona wakiteremka," alisema. Tukafika Jumapili jioni. Alipokuwa akirudisha gari nyuma alegeshe, sisi wawili tulishuka kumwelekeza, mmoja akisema "njoo, njoo!" na mwingine "ngoja!", na kwa maelekezo hayo taa ya nyuma ikagonga jiwe na kuvunjika. Kaka aliitazama, akacheka kidogo, akaenda kuchemsha chai.

Jumatatu tarehe 1 Julai ilikuwa siku ya kungoja tu. Waendeshaji walikuwa wangali Italia, katika hatua ya tatu, ndefu zaidi ya kilomita 230, kutoka Piacenza hadi Torino. Jirani yetu, mzee wa Kiholanzi aliyekuja na mkewe katika gari kama letu, alikuwa na redio. Jioni alitujia mbio, mikono imenyoshwa mbele, akatupongeza mmoja mmoja. Biniam Girmay, kijana wa Asmara aliyezaliwa mwaka 2000, alikuwa ameshinda mjini Torino, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France tangu mashindano hayo yaanze. Sisi si Waeritrea, wala hatujapata kufika Asmara, lakini tulizipokea pongezi hizo pasipo haya. Kaka hakusema neno. Alikwenda akasimama kando ya barabara, akiitazama kona iliyo juu yetu.

Usiku ule, mtoto akiwa amelala kitanda cha juu, alianza: "Mwaka ule wa barua yenu..."

Hapa yatupasa kueleza. Aliyefika Burundi ameiona barabara itokayo Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, hadi Bujumbura kando ya ziwa Tanganyika. Katika barabara hiyo vijana huteremka na baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi. Wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori ili wavutwe hadi juu. Kaka alikuwa mmoja wao. Baba yetu alikuwa ameaga dunia, vita vilikuwa vikiendelea, na barabara ile ilifungwa na kufunguliwa bila ya mtu kujua kesho itakuwaje. Yeye aliacha shule darasa la sita. Sisi tulikuwa bweni Gitega, na ada zetu zilitoka katika mikungu ile.

Mwaka 1999 ada zilichelewa. Wanafunzi wasiolipa walisomwa majina mbele ya wenzao, nasi tulikuwa miongoni mwao. Kwetu ni Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, basi tukamwandikia kaka barua kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja alikuwa ametuazima Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na tulikuwa tumelewa maneno yake. Tukaandika kwamba kufedheheka kwetu ni taksiri yake. Tulilipenda mno neno hilo. Hatukumbuki ni nani kati yetu aliyelipata, na kila mmoja amekwisha mtupia mwenzake.

"Sikulijua neno lile," kaka alisema. "Nilikaa nalo siku mbili. Nikamwuliza dereva mmoja wa Tanga niliyekuwa nimeshika lori lake, aliposimama Bugarama kupoza injini. Akacheka. Akaniambia, hao wadogo zako wamesoma kweli. Wanasema kosa ni lako."

Siku ile aliteremka na mzigo mara mbili, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mara ya pili giza lilikuwa linaingia. Breki yake ilikuwa kipande cha tairi kilichofungwa chini ya kiatu, nacho kilikuwa kimekwisha. Nyumbani alisema kwamba lori lilimgusa. Hapakuwa na lori. Mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anachechemea siku za baridi. Aliiuza baiskeli iliyobaki kwa fundi, na fedha hizo ndizo tulizoletewa Gitega baada ya siku nane. Sisi tulipozipata tulifurahi, tukasadiki kwamba barua yetu ilifanya kazi.

Tulitafuta la kumwambia. Watu wawili waliosomeshwa na mtu yule hawakuwa na neno, wala la kamusi wala la Buyenzi. Umbu lake alilia. Mwalimu alisema "tusamehe, kaka," kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. Kaka akasema chai imepoa, akawasha jiko upya.

Asubuhi mtoto alituuliza, "Baba mdogo, mkungu ni nini?" Tukajua hakuwa amelala. Tulimchorea, naye akataka kujua mikungu mingapi, kilo ngapi, kona ngapi. Tukamwambia amwulize baba yake, na amwulize kwa Kiswahili. Tulimwambia pia kwamba waendeshaji wangetufikia karibu na saa kumi na moja, naye saa tano kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha simama barabarani na bendera mkononi, kwa kuwa saa yake ilionyesha 11. Walimu wenzetu wanalijua kosa hili. Kila mwaka tunalifundisha, na hapo tulilisahau wenyewe.

Walipofika walitanguliwa na helikopta. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake karibu na kilele, akatupita peke yake, kifua kimelala juu ya usukani. Tulimwona kwa muda wa kupepesa macho mara tatu. Alishinda Valloire kwa sekunde 35. Kaka alikuwa akitazama vidole. "Hakushika breki," alisema, na baada ya kitambo, "Barabara yao haina mashimo." Watu wengi walikunja viti vyao mara viongozi walipopita. Kaka hakuondoka. Alisimama kwa mguu wake ule mpaka akapita mtu wa mwisho kabisa, na kila aliyepita alimpigia makofi.

Siku zilizofuata tulirudi polepole kaskazini, mtoto akikaa mbele pamoja na baba yake. Sisi tuliokuwa nyuma tulisikia maswali ya Kiswahili kibovu na majibu marefu. Jumamosi tarehe 6 Julai tulisimama Colombey-les-Deux-Églises, kijiji alichoishi na kuzikwa Jenerali Charles de Gaulle, na hapo Girmay alishinda tena. Mtoto alipaza sauti, "Haya, kaka, haya!" nasi hatukumsahihisha. Hatua ya tatu aliishinda tarehe 11 Julai huko Villeneuve-sur-Lot, na fulana ya kijani akafika nayo Nice siku ya mwisho. Hayo tuliyaona katika televisheni, Liège.

Tulipolirudisha gari, mwenye kulikodisha alilizunguka na karatasi yake, akafika nyuma, akainama penye taa. Akauliza kwa Kifaransa ni nani aliyeivunja. Kaka hakumjibu. Alitugeukia sisi wawili, akatutazama kitambo, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu asomaye barua:

"Haya, mwambieni taksiri ni ya nani."

Akacheka mpaka akashika gari.