Ziwa Tanganyika ndani ya sebule yetu

Wazazi na watoto wa Dzaleka, nawaandikia kutoka Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Wengine mnanikumbuka, nilikaa huko hadi 2016. Kaka yangu bado yuko huko, na yeye ndiye amenifanya niandike. Nilimtumia picha ya tangi letu la samaki, akanijibu: "Sasa unalisha samaki ya kutazama, na sisi huku mgao hautoshi?" Swali lake ni la haki. Wengi wenu mngeuliza hivyo hivyo. Basi nijibu hapa, wote wasome.

Kwanza pesa. Tangi jipya la ukubwa huu pamoja na vifaa vyake linaweza kupita dola 1,000. Letu lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa anahama. Alichotaka ni mtu wa kuliondoa tu, tukampa dola 150, akatuachia na meza yake ya chuma, hita na chujio. Vijana wanne wa Fizi walikuja kulibeba, wakala fufu, wakaenda. Nilifanya kazi Jumamosi mbili za ziada. Pesa ya kutuma huko haikuguswa, na kaka anajua hivyo.

Sababu ni mama. Amezaliwa Kalundu, pale Uvira, na baba yetu alikuwa mvuvi wa ndagala, anavua usiku na taa. Hapa mama alikuwa anakaa dirishani miezi yote ya baridi, anatazama theluji, hasemi kitu. Wajukuu wake hawajaona Tanganyika. Mkubwa alizaliwa Dzaleka, wadogo hapa. Bibi akitaja ziwa, wao wanafikiri lile bwawa la bata kwenye bustani ya mji. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, nchi nne zinaligawana, wao wanaona bata!

Tangi lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 55. Zidisheni, mtapata lita 412. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 400 kabla ya kioo, mchanga na mawe. Sisi tunakaa chini, sakafu ni ya zege. Kama tungekuwa ghorofani, kwenye nyumba ya mbao, ningekataa hata kwa bure. Tuliweka meza sawa kwa pimamaji, maana tangi likiinama upande mmoja kioo kinabanwa na mwisho kinapasuka. Tena tulilitenga na dirisha, jua lisilete ukungu wa kijani.

Watu wanasema anayeanza aanze na tangi dogo. Mimi naona ni kinyume. Tieni kijiko cha chumvi kwenye kikombe, halafu kijiko kama hicho kwenye pipa. Kikombe kimeharibika, pipa halijui kitu. Maji mengi yanapoa polepole, yanachafuka polepole, na mtu asiye na uzoefu anapata muda wa kuona shida kabla samaki hawajafa.

Kilichowashinda watoto ni kungoja. Wiki tano tangi lilikuwa na maji, mchanga na mawe, basi. "Papa, samaki iko wapi?" kila asubuhi. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule. Hao bakteria hawaonekani kwa macho. Wanakaa kwenye chujio na mawe, na wanahitaji wiki kadhaa wazaliane. Nilikuwa natia amonia kidogo ya dukani, isiyo na sabuni wala manukato, kama chakula chao, halafu napima kwa matone yanayobadilisha rangi. Siku amonia na nitriti zote mbili ziliposoma sifuri, ndipo tulikwenda kununua samaki. Maji ya bomba ya hapa yana klorini, kwa hiyo kabla ya kuyatumia tunatia dawa ya kuiondoa. Maji ya Tanganyika ni magumu, yana madini mengi, pH yake inakaribia 9. Tulitumia mawe ya chokaa, na hita inashika nyuzi 25.

Samaki wenyewe walizaliwa Marekani, kama kitinda mimba wangu. Wazee wao walitoka kwetu. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa anasafirisha samaki wa ziwa kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na mmoja ana jina lake, Neolamprologus brichardi. Ni mwembamba, rangi ya maziwa yenye chai kidogo, mapezi yake marefu yana kingo nyeupe. Wafugaji wanamwita binti mfalme wa Burundi. Watoto wake wakikua hawaondoki mara moja. Wanabaki kulinda mayai na wadogo zao, wanafukuza adui pamoja na wazazi. Mama alipoona hivyo alisema: "Hii njo familia."

Siku ya kwanza alicheka kwanza. "Hii iko mudogo, itashibisha nani? Kalundu tulikuwa tunawachia batoto bacheze nayo kwenye mawe." Halafu akavuta kiti. Jioni ile, wajukuu wamekaa chini, alianza kusimulia Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira. Jinsi baba alivyozima taa ya mtumbwi, tukavuka gizani, na yeye amenifunika mdomo kwa kitenge nisilie. Mimi nilikuwamo na sikuwa nimeisikia hadithi hiyo. Baba amezikwa huko kwenu, hakuisimulia hata siku moja.

Kila Jumamosi tunatoa robo ya maji na kuweka mapya. Yale ya zamani yana nitrati, na nitrati ni mbolea, kwa hiyo kiangazi mama anamwagia lengalenga zake nyuma ya nyumba. Kaka, samaki wa kutazama wanatupa na mboga ya jioni, karibu!

Na ninyi mko nchi yenye ziwa la namna hiyo. Mbuna wa Ziwa Malawi wanafugwa Ulaya na Marekani, na jina ni lile lile la Malawi, mbuna. Sikuwachanganya na wetu, maana wao wana ukali wao.

Nina ombi kwa wazee wa Uvira, Baraka, Rumonge na Kigoma. Tuna samaki mwingine, anaitwa Tropheus duboisi. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, akikua madoa yanapotea, anabaki na mkanda mweupe mwilini, na chakula chake ni ukungu wa kwenye mawe. Mama anakumbuka kumwona lakini jina limemtoka. Anayelijua kwa Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au Kiha amwachie mhariri, kaka yangu atapita kulichukua.

Baba Neema, Louisville