Nambari za mwisho hazikuandikiwa mguu wako

Msomaji mpenzi, siku utakapopanda gari tena, hata kama ni matatu na umebahatika kuketi pale mbele karibu na dereva, hebu kitupie jicho kipimamwendo. Utaona nambari zimepangwa kama za saa: 20, 40, 60, zikapanda hadi 180, na katika magari mengine hadi 220 au zaidi. Kisha litazame gari lenyewe. Mlango umefungwa kwa waya, injini inakohoa kama mzee aliyenyeshewa, na kila likifika mlimani abiria wote huinama mbele kana kwamba wanalisaidia kupanda. Je, gari hilo limewahi kufika 180? Na ikiwa halifiki, nambari hizo ziliandikwa za kazi gani?

Swali hilo si langu. Liliingia nyumbani kwangu mwaka jana, jioni moja kijana wangu wa pili aliporudi na Probox aliyoinunua kwa mkopo ili abebe abiria kati ya Embu na Meru. Mimi na mama yake tulitoka uani kulitazama. Mama yake akaliombea gari, nami nikaketi kwenye kiti cha dereva kama mzee wa boma anavyostahili, nikashika usukani. Nikamwambia, "Mwanangu, barabara hii naijua. Usipite 80."

Akacheka, akainama dirishani na kugonga kioo cha kipimamwendo kwa kidole. "Baba, tazama hapa. Ni 180. Hao waliolitengeneza si wajinga. Kama gari haliwezi, au kama ni hatari, mbona wakaandika?"

Nilikosa jibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimejibu maswali ya watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 30, lakini hili la mtoto wangu mwenyewe lilinishinda. Usiku huo usingizi ulinipaa. Haikuwa aibu iliyoniweka macho. Swali lile lilikuwa limenirudisha mwaka wa 1991, kwenye mteremko wa Nithi.

Ikiwa hujapita barabara ya Embu kwenda Meru, nikueleze kidogo. Ukitoka Embu mjini unapita Runyenjes, unavuka Mto Thuchi, unafika Chuka, kisha unavuka Nithi ndipo uelekee Chogoria, Nkubu na Meru mjini. Barabara inapita kwenye miguu ya Mlima Kenya, na kila mto unaoteremka kutoka mlimani umejichimbia bonde lake. Kwa hiyo kazi ya dereva ni kushuka, kuvuka daraja, kupanda, kisha kushuka tena. Na Nithi ndilo bonde lenye sifa mbaya kuliko yote. Mteremko ni mkali, kona ni kali, na daraja linakungoja kule chini.

Mwaka huo wa 1991 nilikuwa mwalimu mchanga, na shule zilipofungwa nilimsaidia mjomba wangu kusafirisha ndizi kutoka Nkubu hadi soko la Embu. Tulitumia pikapu ya dizeli iliyokula chumvi nyingi. Kipimamwendo chake kiliandikwa hadi 160, lakini hata katika sehemu tambarare, dereva akikanyaga mafuta hadi mguu ukome, mshale haukupita 90. Nilikuwa nikimtania dereva kwamba zile nambari nyingine ni mapambo, kama vitabu vya Kiingereza kwenye kabati la mtu asiyesoma.

Siku moja tukiwa tumejaza ndizi pomoni, tulipoanza kuteremka Nithi dereva akatoa gia, gari likaachwa lijiendee huru. Madereva wengi walifanya hivyo ili kuokoa mafuta. Mara nikaona mshale unapita 80. Ukapita 90. Ukafika 100. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Dereva akakanyaga breki, harufu ya kuungua ikajaa ndani, gari lisipunguze kitu. Mshale ulikuwa kwenye 110 alipojaribu kurudisha gia, na giaboksi ikalia kilio ambacho hadi leo nakisikia. Gia ilikataa. Akaikunja pikapu upande wa mlima, ikasugua ukuta wa udongo, ndizi zikamwagika barabarani, nasi tukasimama mita chache kabla ya kona. Hakufa mtu. Dereva alishuka, akaketi juu ya jiwe, akaomba maji.

Ndiyo siku pekee niliyoona gari lile likizifikia zile nambari za mapambo, na injini haikuwa na mkono katika jambo hilo. Ulikuwa mzigo na mteremko.

Basi asubuhi baada ya swali la kijana wangu, nilipanda matatu hadi Embu kwa fundi mmoja ninayemwamini. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akaingia kwenye kibanda chake na kutoka na kipimamwendo kikuukuu alichokuwa amekifungua.

"Mwalimu, tazama," akaniambia. Katika magari ya zamani, waya mrefu hutoka kwenye giaboksi ukizunguka ndani ya mpira wake hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wake pana sumaku. Sumaku huzunguka ndani ya kikombe chepesi cha chuma bila kukigusa, lakini hukivuta kikombe kitake kuifuata. Springi ndogo hukizuia kisizunguke chote. Gari likienda kasi, sumaku huvuta zaidi, kikombe hugeuka zaidi, na mshale uliofungwa juu yake hupanda. Baadaye nilisoma kwamba Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyeandikisha uvumbuzi huu mwaka wa 1902. Magari ya siku hizi hupelekewa habari hizo kwa umeme, lakini shabaha ni ile ile.

"Kwa hiyo mshale haujui gari linaweza nini," fundi akasema. "Unajua kitu kinazunguka tu."

Nikamuuliza kuhusu nambari. Akanijibu kwamba kiwanda hakitengenezi kipimamwendo kipya kwa kila gari. Gari la aina moja huuzwa na injini ndogo na injini kubwa, na katika nchi nyingi. Ni rahisi kuweka kipimamwendo kimoja kwa yote, nacho lazima kimtoshe yule mwenye mbio kuliko wenzake. Mwenye injini ndogo basi huvaa koti la kaka yake.

Sababu ya pili ni macho. Mwendo tunaoutumia kila siku ukiwekwa katikati ya kipimo, dereva huusoma haraka bila kuacha kutazama barabara. Kama kipimo kingeishia 100, mshale ungekuwa ukingoni kila siku, na mwenye gari angedhani analichosha.

Sababu ya tatu, msomaji, ni biashara. Mnunuzi akiona 220, kifua kinapanuka. Muuzaji anajua hivyo, na wino wa nambari mbili tatu za ziada hauna gharama.

Lakini je, hiyo 180 ya kijana wangu? Magari mengi ya mitumba tunayoendesha Kenya yametoka Japani. Watengenezaji wa huko walikubaliana zamani kwamba magari ya kawaida yatakayouzwa nchini mwao yasipite 180, na yale madogo kabisa 140. Ndiyo maana nambari hizo zinaonekana sana kwetu. Na usidhani Wajapani huenda 180. Mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa huko ni 120, tena katika sehemu chache za barabara zao kuu. Yaani hata kule lilikozaliwa gari, nambari ile haina barabara ya kuendewa.

Kufika huko nako si mchezo. Ukizidisha mwendo maradufu, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda huongezeka mara nane. Gari dogo linaloenda 90 kwa raha haliwezi kufika 180 kwa kukanyagwa tu. Linahitaji nguvu nyingi mno ambazo halikuzaliwa nazo.

Fundi alinionya pia kuhusu tairi. Ubavuni mwa kila tairi pana herufi inayoonyesha kikomo chake: N ni 140, Q ni 160, S ni 180. Hicho ni kikomo cha tairi jipya, lililojazwa upepo sawasawa na lisilobebeshwa kupita kiasi. Si lile kipara la kununuliwa kando ya barabara. Na wale vijana wanaobadilisha tairi kuweka kubwa zaidi ili gari liinuke, hawajui kwamba kipimamwendo chao huanza kudanganya, kikisoma chini ya mwendo wa kweli. Kiwandani hutengenezwa kinyume. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa katika nchi nyingi inasema kipimo kisionyeshe kamwe chini ya mwendo halisi. Kinaruhusiwa kuzidisha kidogo, kisipunguze.

Wamarekani waliwahi kujaribu kuzikata nambari zenyewe. Kuanzia mwaka wa 1979 serikali yao iliagiza vipimamwendo viishie maili 85 kwa saa, ambazo ni karibu kilomita 137, na maili 55, iliyokuwa kikomo cha sheria, itiwe alama ya kuonekana. Agizo hilo lilifutwa mwaka wa 1982, na nambari zikarudi kupanda.

Sisi nasi tulipitia njia yetu. Waziri John Michuki alipoleta kanuni zake, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu, mabasi na malori yalitakiwa yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya 80. Nambari za mbele ya dereva hazikuguswa, zikabaki 160 au 180 kama zamani. Na sote tunajua kilichofuata: wengine waliwatafuta mafundi wa kuvichezea vile vidhibiti. Nambari ilikuwa bado inawaita.

Niliporudi nyumbani sikumhubiria kijana. Tulipomaliza chakula nilichukua karatasi nikaandika hesabu. Ukienda 80, kila sekunde gari linakula mita 22. Ukienda 110, linakula zaidi ya mita 30. Hiyo ni sekunde moja tu ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki. Kisha breki zenyewe: kwa 110 zina kazi karibu maradufu ya ile ya 80, na kwa 160 zina kazi mara nne. Hayo ni barabara tambarare, gari likiwa tupu. Weka abiria na mizigo, weka mteremko wa Nithi.

Kisha nikamsimulia habari ya 1991, ambayo sikuwahi kumweleza mtoto yeyote. Hata mama yao alikuwa hajaisikia yote. Nikamkumbusha pia jambo alilolijua mwenyewe, la Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilipotumbukia bonde lile lile la Nithi na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wiki ile tulikuwa na matanga mengi mno katika sehemu zetu.

Kijana alikaa kimya. Kisha akasema, "Baba, kumbe ulikuwa huniambii sheria. Ulikuwa unaniambia ulichoona."

Maneno hayo yalinichoma, msomaji. Ni kweli. Miaka yote nilikuwa nikiwaamuru wanangu, "Usifanye mbio!" bila kuwaambia kwa nini. Nilificha hofu yangu kwa sababu nilidhani mwanamume haisemi. Na mtoto asiyeelezwa sababu na mzazi wake huitafuta mahali pengine, hata kwenye kioo cha gari.

Asubuhi yake, kabla kijana hajaondoka, mama yake alitoka na kichupa cha rangi ya kucha ya binti yetu. Hakuuliza mtu. Akafungua mlango wa gari, akachora mstari mwekundu juu ya kioo, sawasawa na 80. Kijana akalalamika kwamba abiria watamcheka. Mama yake akamwambia, "Wacheke wakiwa wazima."

Mstari ule ungali pale. Kijana anasema abiria huuliza, naye huwaambia ni wa mamake, na wengi hawacheki. Sitakudanganya kwamba haupiti kamwe. Mimi siko ndani ya gari lile. Lakini kila anapofika Meru au Embu humpigia mama yake simu, na sisi hulala.

Basi, msomaji, mwanao akikuuliza nambari za mwisho ni za nani, usimgombeze kama nilivyotaka kufanya. Mwambie ni za kiwanda, za muuzaji, na za gari lililokosa breki mlimani. Kisha mwonyeshe iliyo yake. Sheria yetu inasema ni 50 penye mji na soko, 80 ukibeba abiria, na gari dogo la nyumbani lisipite 110 hata kwenye barabara kuu. Pale Nithi ni chini ya hapo sana, na gia isitolewe.