Wakanda ya pili yachemsha Ufukoni!

Msomaji wangu, ukitajiwa Mtwara unawaza korosho na gesi. Sawa kabisa. Lakini ongeza na hili: kule kuna watu wanaojua kuchambua picha kuliko wachambuzi wetu wa mjini wanaokaa kwenye viyoyozi. Wiki hii safari yetu inaishia Ufukoni, kata moja ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mahali ambapo picha mbovu haina pa kujificha.

Safari yenyewe si ya kitoto. Unapanda basi alfajiri kule Mbagala, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, unapita Somanga, Nangurukuru, Mingoyo, mpaka kiuno kinaanza kulalamika. Halafu ghafla, mkono wa kushoto, Ghuba ya Mikindani hiyo hapo, maji na minazi kama picha ya kalenda. Uchovu kwisha! Ukishuka mjini tafuta ming'oko ya kuchemsha. Ukirudi Dar bila kuionja, usiseme ulifika Mtwara.

Jua likizama, Ufukoni kuna starehe mbili: kukaa barazani kupiga soga, au kuzama kibanda umiza. Usicheke jina. Ni banda la mabati, mabenchi ya mbao, feni moja inayozunguka kwa kujisikia, na sabufa inayotingisha mbavu. Siku za ligi ni mpira. Siku isiyo na mpira ni picha, tena zilizotiwa Kiswahili. Fani hiyo ina wenyewe: Lufufu alitamba nayo, Kenya wana DJ Afro. Mtafsiri wa namna hiyo hatafsiri tu. Anachekesha, anamsema adui, anamwonya stelingi. Ukishazoea, picha yenye maandishi chini unaiona haina chumvi.

Siku niliyoingia mimi kiingilio kilikuwa buku, picha mbili mfululizo: Black Panther ya mwaka 2018 na mwendelezo wake, Wakanda Forever ya mwaka 2022, zote kazi ya Ryan Coogler. Jumla karibu saa tano. Nikanunua korosho zangu, nikabanana na wenzangu kwenye benchi.

YA KWANZA: BABKUBWA

Ya kwanza unaijua. Nchi ya Kiafrika yenye madini ya vibranium, ambayo hakuna mkoloni aliyewahi kuyagusa. Mfalme ni T'Challa, yaani marehemu Chadwick Boseman. Dada yetu Lupita Nyong'o yumo. Adui anaitwa Killmonger, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu adui ana hoja: nyie mna kila kitu, weusi wenzenu wanateseka duniani, mlikuwa wapi?

Kibanda kiligawanyika mapande mawili. Hawa wa mfalme, wale wa Killmonger, na ubishi ukawa mkubwa hadi sauti ya mtafsiri ikamezwa. Raha ya picha nzuri ndiyo hiyo, unamwelewa hata yule unayetaka apigwe. Dunia nayo iliikubali: iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kubeba tuzo tatu za Oscar.

YA PILI: STELINGI KAFA

Vibandani kuna sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Sasa huyu alikufa kweli. Boseman aliaga dunia Agosti 28, 2020, akiwa na miaka 43, kwa kansa ya utumbo mpana. Wenye picha hawakumweka mtu mwingine mahali pake, wakaamua T'Challa naye afe. Kwa hiyo ya pili inaanza na msiba. Wakanda nzima imevaa nyeupe, jeneza linapita, na kibanda kizima kimya, hata wauza karanga. Mtu wa pwani haelezwi maana ya nguo nyeupe msibani. Nikajua leo tutaona mambo.

Kumbe changa la macho!

Mwanzoni askari wa Kifaransa wanakamatwa wakijaribu kuiba vibranium. Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, anawaumbua mbele ya Umoja wa Mataifa. Angela Bassett kaicheza sehemu hiyo mpaka benchi letu likapiga makofi. Kisha tunaonyeshwa Wamarekani nao wana mashine ya kusaka madini hayo chini ya bahari. Tukasema ehee, leo wezi watakoma.

Wapi! Wezi wakaachwa. Chini ya bahari kuna ufalme mwingine, Talokan, wa mfalme Namor, nao una vibranium yake. Basi wenye mali wawili wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Namor anaufurikisha mji wa Wakanda, malkia anakufa maji, binti yake Shuri anavaa vazi la Black Panther, wanakwenda kumalizana baharini. Katikati unawekewa wakubwa wa ujasusi wa Marekani wakipiga domo. Ni saa mbili na dakika 41, msomaji wangu! Kijana wa kulia kwangu alikoroma.

Nyuma yangu alikaa mzee mmoja mvuvi. Akanigusa bega, akauliza, "Njomba, yule mwenye mashine kaenda wapi?"

Nikakosa jibu. Akaongeza, "Na haya maji gani? Mbona kama wamezama kwenye tope?"

Hapo ndipo Talokan ilipokwisha. Huwezi kumdanganya mtu wa Ufukoni kuhusu bahari. Watu hawa ni majirani wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilometa za mraba 650 za matumbawe, mikoko na mchanga. Wanajua chini ya maji kuna rangi. Unawaletea ufalme wa baharini wenye giza kama stoo?

Nisiwe mchoyo, utetezi ulikuwepo. Dada mmoja mwanafunzi alinijia juu: "Kaka, nyie mnataka ngumi tu. Shuri kamshika aliyemuulia mama, halafu kamwacha hai. Wewe ungeweza?" Hoja nzito hiyo, na mavazi ya Ruth Carter yalipata Oscar kwa mara ya pili. Nampa dada pointi zake. Lakini swali la mzee linabaki palepale.

KWA NINI LINAUMA HAPA

Swali hilo Mtwara si la sinema. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ilipotangazwa kwamba litajengwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012, na Mei 22, 2013 mji ukawaka. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Mtanzania kwa Mtanzania. Bomba likajengwa, zaidi ya kilometa 500, likazinduliwa Oktoba 2015.

Na kabla ya gesi kulikuwa na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakaleta reli ya Nachingwea na bandari ya kina kirefu. Karanga zikagoma, mradi ukavunjwa mwaka 1951, reli nayo ikang'olewa baadaye. Bandari ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo wenyeji wanajua mwendelezo ni kitu gani. Wameahidiwa sehemu ya pili kabla ya Marvel.

Vijana niliokaa nao kwenye benchi walikuwa watoto mwaka 2013. Hawakuja kibandani kudai siasa, walikuja kustarehe. Lakini picha ikishakuambia kwamba kuna mtu anataka mali yako, lazima ikuambie mtu huyo aliishia wapi. Ya kwanza ilijibu maswali yake. Ya pili iliuliza swali kubwa zaidi, halafu ikawapiganisha wenye nyumba na kumsahau mwizi mlangoni.

Hukumu yangu: ya kwanza naipa tisa kwa kumi. Ya pili tano, na tatu kati ya hizo ni za msiba na malkia.

Ukienda, fanya hivi. Mchana chukua usafiri hadi Msimbati, uone fukwe ambazo magari hupita juu ya mchanga na maji unayoweza kuhesabu ndani yake samaki. Usiku rudi Ufukoni, uliza kibanda chenye picha ya Kiswahili, wahi benchi la karibu na feni. Na ikija sehemu ya tatu ya Wakanda, usiniulize mimi kama ni nzuri. Waulize wale wavuvi wa benchi la nyuma.