Meza ya Wachambuaji

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha Gikondo, mjini Kigali, kabla viwanda havijahamishiwa Masoro, nikisimamia ubora katika kiwanda cha kukoboa kahawa ya kuuzwa nje. Wageni walipenda kuona chumba cha kuonjea. Mimi niliwapitisha kwanza kwa akina mama wachambuaji, maana ubora tuliouza ulikuwa mikononi mwao.

Kahawa ya Rwanda ina adui wake: ladha ya kiazi kibichi. Mdudu aitwaye antestia hutoboa tunda, vijidudu vikapata pa kuingilia, na punje moja yatosha kuharibu kikombe kizima. Ikishakaangwa haijulikani ni ipi; ikiwa mbichi, aliyezoea mara nyingine huiona alama. Nasi hatukuwa na njia ya kushindana kwa bei. Kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,500, na huko Brazil mashamba makubwa huvunwa kwa mashine. Silaha yetu ilikuwa ladha. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, na wanunuzi wakawa tayari kulipa zaidi, mradi wasikute kiazi.

Lakini kampuni iliwalipa wachambuaji kwa kilo. Aliyekuwa makini alijaza gunia polepole, akarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko jirani yake aliyepitisha kila kitu. Mnunuzi mmoja wa Ulaya alipolalamikia mzigo wake, meneja alitaka orodha ya wavivu wa kufukuzwa.

"Bosi," nilimwambia, "hawa si wavivu. Tunawalipa ili waharakishe, nao wanaharakisha."

Alikubali tujaribu meza moja: ujira wa siku, taa nzuri, viti vya kuegemea, na nyongeza kahawa yao ikionjwa ikawa safi. Nikawaita pia chumba cha kuonjea. Mama mmoja, mchambuaji tangu usichana wake, hakuwahi kuonja kahawa aliyoichambua. Alipokutana na kikombe chenye kiazi alitema, akasema, "Kumbe ndicho tunachokitafuta!" Tangu hapo aliniletea punje zenye alama nilizokuwa sizijui, akanitajia na vituo vya kuoshea zilikotoka, nasi tukajua pa kwenda kuwahimiza wakulima.

Malipo yale yakaenea meza zote. Mikataba ya msimu ndiyo iliyonishinda: kila uvunaji ulipokwisha waliagwa, na mwaka uliofuata nikafundisha macho mapya. Nilidai mikataba ya kudumu katika kila bajeti hadi nilipostaafu.